Mpaka Mifumo Isomane

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania haikujua herufi ndogo. Ilikuwa ICT 1500, mashine iliyobuniwa Marekani na kuuzwa na kampuni ya Uingereza, ikafungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Kila herufi ndani yake ilikaa kwenye biti 6, na biti 6 hazitoi zaidi ya alama 64. Ukishaweka herufi kubwa 26, tarakimu 10 na alama za kihasibu, hakuna pa kuziweka herufi ndogo. Mtumishi aitwaye Mazengo alikuwa MAZENGO, apende asipende.

Leo ofisi za Hazina ziko Dodoma, na jina kama hilo huandikwa kwenye programu ya Java, likapokelewa na programu ya PHP, likapita kwenye simu, likaishia kwenye kanzidata iliyojengwa na watu ambao hawajawahi kuonana na mwandishi wa kwanza. Waandishi wa programu huuita mfuatano huo wa herufi stringi. Kuutoa kwenye lugha moja ya programu na kuuingiza kwenye nyingine bila kuukata mkia wala kuubadilisha sura kunaonekana kazi ya dakika moja. Nchi hii imeihangaikia kwa miaka sitini, na mara nyingi ilipokwama, mashine ilikuwa nzima: watu ndio hawakuwa wamepatana.

Kadi na marufuku: 1965–1974

Enzi za ICT 1500 programu mbili hazikuzungumza. Zilipokezana kadi. Kadi ya karatasi ngumu ilikuwa na safu 80, kila safu ikitobolewa herufi moja, na maana ya herufi ilitokana na mahali ilipokaa. Tuseme safu ya 1 hadi ya 6 ni namba ya mtumishi, ya 7 hadi ya 26 ni jina, kisha mshahara. COBOL, lugha ya programu iliyozaliwa Marekani mwaka 1959 kwa ajili ya kazi za ofisini, ilijengwa juu ya fikra hiyohiyo ya nafasi zilizopimwa. Jina fupi lilijazwa nafasi tupu mpaka litimie. Jina refu lilikatwa.

Utaratibu huo ulikuwa wa kibabe lakini ulikuwa na adabu yake. Programu ya COBOL na programu ya FORTRAN zingeweza kusoma kadi ileile bila ugomvi, ilimradi waandishi wote wawili walikuwa na karatasi moja ya mpangilio. Hakuna aliyeuliza stringi inaishia wapi, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa. Shida ilianza pale upande mmoja ulipobadilisha mpangilio bila kuuambia mwingine, na shida hiyo haijazeeka hadi leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja mashine kubwa zaidi, ya familia ya ICL 1900, na pamoja nayo jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta. Jaribio lilikwenda kombo kiasi kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na televisheni.

Mwaka mmoja kabla, 1973, chama tawala, TANU, kilikuwa kimeamua makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa kuujenga mji. Kwa hiyo nchi iliupa uwanda wa kati jukumu la kuwa kitovu cha utawala, na karibu wakati huohuo ikaifungia mlango mashine ambayo utawala wa dunia nzima ulikuwa unaikumbatia. Sioni kwamba uamuzi wa 1974 ulikuwa wa kipumbavu. Fedha za kigeni zilikuwa adimu na hasara ilikuwa imeonekana. Ila gharama yake ilikuja kulipwa baadaye, na ililipwa kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia.

Stringi inaishia wapi: 1970–1993

Wakati mlango wetu umefungwa, huko nje lugha za programu ziliongezeka na kila moja ikaja na kanuni yake ya kuhifadhi maneno.

Dennis Ritchie, aliyeiunda lugha ya C katika maabara za Bell kuanzia mwaka 1972, alifuata njia ya kubana matumizi: herufi zipangwe moja baada ya nyingine kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na mwisho wake uonyeshwe na baiti moja (biti 8) yenye thamani ya sifuri. Programu inayotaka kujua urefu wa neno inahesabu mpaka ikutane na sifuri. Matoleo ya Pascal yaliyoenea kwenye kompyuta ndogo yalifanya kinyume: baiti ya kwanza ilibeba urefu, kisha herufi zikafuata. Hapo huhitaji kuhesabu, lakini baiti moja haiwezi kutaja urefu unaozidi 255.

Sasa mpe mwandishi wa C stringi iliyotoka Pascal. Ataiona baiti ya urefu kana kwamba ni herufi ya kwanza, na kwa kuwa hakuna sifuri mwishoni, programu yake itaendelea kusoma kumbukumbu isiyomhusu mpaka ikutane na sifuri ya bahati. Geuza upande, mpe Pascal stringi ya C: "Dodoma" inaanza na D, ambayo kwa hesabu ya ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake, ni 68, kwa hiyo Pascal itadhani imepewa neno lenye herufi 68. Lugha zote mbili zilikuwa sahihi nyumbani kwao.

Jambo la pili lilikuwa umiliki. Programu ya C ikitengeneza stringi na kuikabidhi kwa programu ya lugha nyingine, nani ataifuta kumbukumbu ile kazi ikiisha? Wakiifuta wote wawili, programu inaanguka. Asipoifuta yeyote, kumbukumbu inajaa polepole mpaka mashine inakwama. Waliotumia Visual Basic, iliyotoka mwaka 1991, waliijua adha hii kwa vitendo. Ili kupokea neno kutoka kwenye maktaba za Windows zilizoandikwa kwa C, mwandishi alitengeneza kwanza stringi ya nafasi tupu, mara nyingi 255, akaikabidhi ijazwe, kisha akaitafuta ile sifuri na kukata kilichobaki. Ni sawa na kumpelekea jirani debe lako mwenyewe akuwekee unga, ili baadaye pasiwe na ubishi debe ni la nani.

La tatu lilikuwa sura ya herufi yenyewe. ASCII, iliyotoka kwanza mwaka 1963, ilikuwa na nafasi za alama 128 na ilikuja kutosha Kiingereza. IBM ikashika njia yake ya EBCDIC mwaka 1964, ambako A si namba ileile. Nchi za Ulaya zikajitengenezea nyongeza zao. Mwaka 1991 ikatoka Unicode, orodha moja iliyokusudiwa kubeba maandishi yote ya dunia, na mwanzoni wengi waliamini kwamba baiti 2 kwa kila herufi zingetosha. Java, iliyotoka mwaka 1995, ilijengwa juu ya imani hiyo. Lakini tayari Septemba 1992, kwenye mkahawa mmoja wa New Jersey, Ken Thompson na Rob Pike walikuwa wamebuni UTF-8, ambayo inazipa herufi za ASCII baiti 1 kama zamani na nyingine baiti 2 au zaidi. Uzuri wake ni kwamba programu ya zamani ya C iliweza kuipitisha bila kujua kuwa kuna jipya. UTF-8 ndiyo iliyoshinda, na ilishinda kwa sababu haikumlazimisha mtu yeyote kuvunja nyumba yake.

Kila mradi na kompyuta yake: miaka ya 1980 hadi 2009

Marufuku ililegea katika miaka ya 1980. Kompyuta hazikurudi kwa mpango mmoja. Zilirudi na wafadhili. Mradi wa afya ulileta zake, wa kilimo zake, wa takwimu zake, kila mmoja na programu yake, lugha yake na mkandarasi wake. Hii ndiyo gharama ninayoisema. Nchi ambayo ingejifunza taratibu kwa mashine chache za pamoja ilijikuta na visiwa vingi kwa mpigo. Hazina ikachukua Epicor kwa ajili ya hesabu, watumishi wakaja kuwekwa kwenye mfumo wa Lawson, halmashauri nazo zikaendelea na yao.

Mifumo hiyo ilisomana kwa miguu. Karani alitoa taarifa kwenye mfumo mmoja, akaziweka kwenye disketi, baadaye flashi, akavuka barabara na kuziingiza kwenye mwingine. Chombo cha pamoja kilikuwa faili la CSV, yaani maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, na Excel ndiye aliyekuwa mkalimani asiye na kiapo. Ukimfungulia Excel namba ya simu inayoanza na 0754 anaifuta sifuri ya mbele, kwa kuwa yeye anaona namba wakati wewe uliona maneno. Ukiwa na anwani yenye mkato ndani yake, safu zote zinazofuata zinasogea hatua moja kulia. Waliofanya kazi ofisi za takwimu miaka hiyo hawahitaji kuelezwa.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukaanza kusukumwa kuelekea bara. Waya ukapatikana. Kilichokosekana ni lugha ya kupitisha kwenye waya huo.

Ritifaa

Hapa nisimame kidogo, maana Kiswahili kilitupa upendeleo ambao hatuutaji mara nyingi. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifu maandishi yasiyo na alama za juu wala chini ya herufi. Kila neno la Kiswahili sanifu linaingia kwenye ASCII. Mfaransa na Mreno walihangaika na herufi zao zenye vikofia kwa miaka thelathini. Sisi tulipita katikati ya vita hivyo bila kujua kama vilikuwepo.

Isipokuwa kwa ritifaa. Ng' inaihitaji, na uwanda wa kati umejaa majina yake. Chigogo kina sauti za puani zinazotamkwa kwa pumzi, ndiyo maana Jiji la Dodoma lina kata ya Ng'hong'onha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na Mpwapwa wana Ng'hambi. Ng'hong'onha yenyewe utaikuta imeandikwa kwa namna zaidi ya moja, hata kwenye vibao.

Katika SQL, lugha inayotumika kuziuliza kanzidata, ritifaa ndiyo alama inayofunga stringi. Programu iliyounganisha maneno kwa uzembe ilifika kwenye Ng' na kuamini kuwa neno limeisha. Hong ikawa amri isiyoeleweka, na mfumo ukarudisha kosa. Waairishi wenye majina kama O'Brien walipata adha ileile. Hatari kubwa zaidi ni kwamba mlango huohuo hutumiwa na wahalifu kupenyeza amri zao kwenye kanzidata. PHP ilijaribu kusaidia kwa kuongeza mkwaju wa nyuma kiotomatiki kabla ya kila ritifaa, na matokeo yake majina yakazuka kwenye skrini kama Ng\'hong\'onha, mikwaju ikizidi kila taarifa ilipohifadhiwa upya. Msaada huo uliondolewa katika PHP 5.4 mwaka 2012. Dawa ya kweli ni kuipelekea kanzidata amri na maneno kwa njia mbili tofauti, lakini wengi walichagua ya mkato: wakaifuta ritifaa. Hivyo mtu mmoja akawa na majina mawili katika mifumo miwili, na mashine haziwezi kujua kuwa ni yeye.

Kisha ikaja ritifaa iliyopinda. Programu ya kuandikia barua hubadilisha ' kuwa ’ ili ipendeze, na hiyo haimo kwenye ASCII. Katika UTF-8 inachukua baiti 3. Mfumo unaosoma baiti hizo kwa kanuni ya zamani ya Windows utaandika â€™ mahali pake. Hata urefu unabishaniwa: Ng’ yenye ritifaa iliyopinda ni herufi 3 kwa Java na kwa Python 3, lakini strlen ya PHP inahesabu baiti na kujibu 5.

Hazina na sahihi: 1998–2017

Februari 1998 ulitangazwa XML, utaratibu wa kuandika taarifa kama maandishi yaliyofungwa kwa lebo zinazosomeka. Miaka michache baadaye Douglas Crockford akaipa jina na umbo JSON, nyepesi zaidi. Zote mbili zilitokana na kukata tamaa kwa busara: badala ya kulazimisha Java ielewe kumbukumbu ya C, kila mmoja ageuze alichonacho kiwe maandishi, ayapeleke, na mwenzake ayajenge upya kwa namna yake. Ugomvi wa sifuri ya mwisho na wa nani afute kumbukumbu ukabaki ndani ya kila nyumba.

Mwaka 2017 Wizara ya Fedha ilianzisha GePG, mfumo wa kielektroniki wa malipo ya Serikali. Ankara ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, ada ya chuo, faini ya barabarani, vyote vikapewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya tarakimu 12, ile inayoitwa kontro namba mitaani. Ili namba itoke, mfumo wa taasisi unatuma ankara kwa XML, GePG inajibu, benki au kampuni ya simu inapokea fedha, na taarifa inarudi ilikotoka. Taasisi zilikuwa na mifumo ya PHP, Java, C# na Python. Wizara haikuziambia zibadilishe lugha. Iliziambia ujumbe uwe na umbo gani, na kwamba utiwe sahihi ya kidijitali.

Sahihi ndiyo iliyowatoa jasho waandishi wa programu. Hukokotolewa kutokana na baiti za ujumbe, moja baada ya nyingine. Kwa msomaji wa XML, lebo tupu iliyofunguliwa na kufungwa ni sawa na ile iliyoandikwa kwa kifupi, na nafasi kati ya lebo mbili mara nyingi haina maana. Kwa sahihi, nafasi moja ya ziada ni ujumbe mwingine kabisa. Mtu akipokea ujumbe, programu yake ikauchambua na kuuandika upya kabla ya kuhakiki, sahihi halali inakataliwa. Ndipo watu wakajifunza kanuni inayoonekana ya ajabu mwanzoni: hakiki stringi kama ilivyofika, kabla hujaielewa.

Tarakimu 20: 2016–2020

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma katika muhula wake. Mei 2017 akaivunja CDA, na majukumu yake, pamoja na kumbukumbu za viwanja na wamiliki wake, yakaenda kwa halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji; Aprili 2019 ofisi za wizara zikafunguliwa Mtumba. Kuhama kwa watumishi kulionekana kwa macho. Kuhama kwa kumbukumbu kulikuwa kwa kimya, na kulidai jibu la swali ambalo lilikuwa limeahirishwa tangu enzi za disketi: huyu aliyeko kwenye mfumo huu ndiye yule aliyeko kwenye ule?

Jibu lililochaguliwa ni namba ya NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Mei 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, na mwisho uliowekwa, baada ya kuongezwa muda, ukawa 20 Januari 2020. Mifumo ya kampuni za simu ikalazimika kuuliza NIDA mtu mmoja baada ya mwingine.

Namba hiyo ina tarakimu 20, ikianza na tarehe ya kuzaliwa, mwaka mbele. Mwandishi wa programu akiiona atashawishika kuihifadhi kama namba. Namba nzima kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 64 ni 18,446,744,073,709,551,615. Ina tarakimu 20 pia, lakini inaanza na 18. Mtu yeyote aliyezaliwa mwaka 1900 au baadaye ana namba inayoanza na 19 au 20, kwa hiyo hakuna Mtanzania aliye hai ambaye namba yake inaingia humo. JavaScript ina hali mbaya zaidi, kwa sababu inabaki sahihi mpaka 9,007,199,254,740,991 tu, tarakimu 16. Zaidi ya hapo inakadiria kimyakimya, na tarakimu za mwisho za raia zinageuka bila onyo lolote. Ndiyo sababu namba ya NIDA lazima isafiri kama stringi, ndani ya alama za kunukuu. Jina lake linadanganya.

Barabara moja: kuanzia 2019

Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, iligeuza Wakala wa Serikali Mtandao ulioanza mwaka 2012 kuwa Mamlaka, e-GA, ikiwa na nguvu ya kuweka viwango ambavyo taasisi zinapaswa kufuata. Kutoka hapo ukajengwa GovESB, mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya mifumo ya Serikali. Kabla yake, kila taasisi mbili zilizotaka kupeana taarifa ziliandika mkataba wao na msimbo wao. Taasisi 10 zikitaka kuzungumza zote kwa zote hivyo zinahitaji viunganishi 45. Zikiwa 100, 4,950. Kwa barabara ya pamoja kila mmoja anaunganishwa mara moja.

Viongozi wakalipata neno la kulisema jukwaani: mifumo isomane. Rais Samia Suluhu Hassan amelirudia mara nyingi, na limeenea mpaka kwenye vikao vya madiwani. Nadhani limechaguliwa vizuri kuliko wataalamu wanavyokiri, kwa kuwa linadai kusoma na wala halidai kufanana. Hata hivyo kuna hatari ya kudhani kwamba waya ukishaunganishwa kazi imekwisha. GovESB inaweza kufikisha baiti zote salama. Haiwezi kuwaamulia TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, na NIDA kama ritifaa inaandikwa au inafutwa. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kusoma kwenyewe kunahitaji sababu halali: stringi inayobeba jina la mtu haipaswi kupita mahali isikohitajika kwa sababu tu njia ipo.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, ilifanyika Operesheni Anwani za Makazi. Mitaa ilipewa majina, nyumba namba, na yote yakaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali wa anwani, NaPA, na watu waliozunguka na simu mikononi. Chini ya anwani hizo zimo postikodi za tarakimu 5, ambazo kwa Dodoma huanza na 41. Postikodi haina ritifaa wala sauti za puani, hivyo mifumo miwili inaweza kuilinganisha bila kubishana juu ya tahajia. Kwenye ujumbe wa JSON uliotengenezwa vizuri utaikuta ndani ya alama za kunukuu, ili asitokee wa kuigeuza namba, na mstari unaofuata utakuwa na jina la kata, jinsi karani alivyolisikia siku ile.